Diski ya Herufi Nane

Nitaanza na mashini, si na vita. Watu wakisikia unatoka Bukavu wanataka uwape damu kwanza, wakutingishie kichwa, halafu waende kula. Mimi damu ya kuwapa sina. Nina habari ya diski, na asiyeitaka aache kusoma hapa hapa, hatutagombana.

Ilikuwa vita ya pili, ile miaka ambayo mji ulikuwa mikononi mwa waasi na kila mwenye bunduki alikuwa serikali. Nilikuwa sekretere wa shirika dogo la akina mama kule Nguba, katika nyumba ya kupanga ambayo dirisha lake la nyuma lilitazama ziwa. Tuliokuwa pale kila siku tulikuwa wawili: mimi, na mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Wanawake walikuja kutoka vilimani na kutoka bonde la Ruzizi, wakakaa mbele ya Mwalimu kwenye kiti cha plastiki, akawasha kiredio chake cha kaseti, nao wakasema kilichowapata. Wengine walisema kwa Kiswahili, wengine kwa Mashi, wengine kwa Kifuliiru. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzihamisha zile sauti kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye diski.

Sababu ya diski ni rahisi. Kaseti ilikuwa inajulikana. Kila askari wa baryeri, yaani kizuizi cha barabarani, alijua kaseti ni nini, na alikuwa na redio ya kuisikilizia, na akiipenda anaichukua akarekodi muziki juu yake. Diski ilikuwa nyembamba. Uliiingiza katikati ya kurasa za kitabu cha misa, ukafunga, ukaomba Mungu, ukapita.

Kuichoma diski, sisi tulisema kugrave. Usidhani ilikuwa kazi ya kubonyeza na kwenda kunywa chai. Mashini yetu ilikuwa nzee, na ikianza kugrave haikutaka kuguswa wala kusemeshwa. Ukifungua kitu kingine wakati inafanya kazi, diski imekufa. Kuran, yaani umeme, ikikatika, diski imekufa. Na kuran ya Bukavu mnaijua, na kama hamuijui, basi nyinyi ni watu wenye bahati. Mwalimu alikuwa anakaa kimya wakati wa kugrave, yeye ambaye hakunyamaza hata kanisani. Diski zilizokufa hatukuzitupa. Tulizifunga kwa kamba katika shamba la mahindi nyuma ya nyumba, zifukuze ndege, na jua likizipiga Mwalimu alisema, "Tazama, mahindi yetu inavaa bijou." Vito, yaani.

Kule Ulaya kulikuwa na kamati ya watu waliotuahidi kitu kimoja. Walikuwa wanaandaa mkutano mkubwa, na walisema sauti za hao wanawake zitachezwa ukumbini, sauti zenyewe, mbele ya watu wanaoamua mambo. Si ripoti, si muhtasari. Tulikuwa tumechoka na ripoti. Unaandika ripoti, mtu anaikunja anaifanya pepeo. Lakini sauti ya mama ikisema, ukumbini, nani ataikunja?

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa lililotokea. Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Kumwita mama mzima kwa jina lake la ubatizo, mbele za watu, ni kumvua nguo. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza: Mama wa Fulani. Jirani anamwita hivyo, mume wake anamwita hivyo, muuza mafuta anamwita hivyo. Kuna wanawake nimeishi nao miaka na sijui waliitwaje kabla hawajazaa, na sikuuliza. Kwa hiyo Mwalimu, juu ya kila kaseti, aliandika vile wanavyoitwa. Mama wa huyu, Mama wa yule. Na mimi kwenye kompyuta nikaandika vile vile, kwa herufi zote, kwa heshima zote. Ningeandika nini kingine?

Kati yao alikuwapo mama mmoja wa Sange, kule bondeni. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyelima mpunga, na hakuwa na subira na mtu yeyote. Alikimbia bonde akaja Bukavu na watoto wawili waliobaki, akaanza kuuza mchele sokoni Nyawera. Yule wa kwanza, kijana wa darasa la sita, alichukuliwa njiani pamoja na wenzake wakitoka shule, na mama yake ndiye aliyemkuta, kwenye shamba la mpunga. Hayo ndiyo aliyoyasema kwenye kaseti, na alisema zaidi, na alitaja nani alikuwa wapi amevaa nini. Mimi sitayarudia. Aliyasema yeye vizuri.

Mwalimu alimwambia siku ile, "Mama, tunaweza kuficha jina. Batu ba hapa bana masikio."

"Ju ya nini mufiche?" akamjibu. "Mi niliiba?"

Halafu akatuambia kitu ambacho mimi nilikuwa sijakijua. Pale Nyawera, wanawake wenzake kwa huruma walianza kumwita kwa mtoto wake wa pili. Watu wengine hufanya hivyo mtoto wa kwanza akifariki, eti jina lisimchome mama kila saa. Alikataa. Mtu akimwita kwa yule wa pili, hageuki. Unaweza kusimama pale mpaka mchele uote. "Akufe, asikufe," akasema, "mi njo mama yake. Bakiacha kuniita na jina yake, nani atamuita tena?"

Mwalimu akamwahidi: sauti yake itatoka nchini na jina la mtoto wake, vile vile anavyoitwa. Nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika kaseti nyingine mkononi, na nilisikia ahadi kwa masikio yangu yote mawili.

Diski ya kwanza ilitoka. Ilipita mpakani, ikafika. Tulifurahi, tukapika sambaza, wale dagaa wa ziwa, na sombe ya majani ya muhogo, Mwalimu akaimba. Halafu siku moja padri mmoja aliyesimamia kiwanda cha kuchapa alituma mtu kuniita. Simu yake pale kiwandani ilikuwa ya uhakika kuliko zote, na kamati walikuwa wamempigia yeye.

Padri huyo alikuwa mtu mpole mwenye miwani minene, aliyechapa katekisimu na kalenda, na alikuwa na kompyuta ya aina tofauti na yetu, zile ambazo watu wa magazeti na vitabu wanazipenda. Kamati nao walikuwa nazo za aina hiyo hiyo. Nilikuwa nimebeba nakala yetu ya ile diski.

"Bamesema haisomeki vizuri," akaniambia. "Lete tuone."

Akaitia. Nikasogea kwenye kioo. Yoo, Mungu wangu! MAMA_W~1. MAMA_W~2. MAMA_W~3. Na kuendelea hivyo mpaka chini, herufi kubwa, wote mama, na hakuna mtoto hata mmoja.

Padri akanieleza polepole, na ninamshukuru, maana nilikuwa nimeshakasirika. Diski, alisema, ina namna zaidi ya moja ya kuandikwa majina yake. Yale majina yetu marefu yaliandikwa kwa namna ambayo kompyuta za aina yetu peke yake zinaijua. Kompyuta za aina nyingine zikiifungua zinaangalia namna ile ya zamani, ya kwanza kabisa, na hiyo haitaki maneno mengi. Herufi nane, basi. Hakuna nafasi katikati, hakuna aksenti. Jina likizidi linakatwa, na yakifanana yakishakatwa yanapewa namba.

"Sasa sauti za watu wamezielewaje?" nikauliza.

"Hapo njo shida. Banabahatisha na majina banasikia mule ndani, bamechanganya. Sauti ya huyu bameandika ya yule. Na moja, ya mama wa kijana wa shamba la mupunga, bameandika mwanamke asiyejulikana."

Asiyejulikana! Nyawera nzima inamjua. Mkokoteni unapunguza mwendo ukimfikia. Wabebaji wenye magunia kichwani wanamsalimu bila kugeuza shingo. Nilimwambia Padri maneno hayo na mengine ambayo si ya kumwambia padri. Akangoja nimalize.

"Maseri anasafiri alhamisi," akasema. Maseri, yaani mtawa, alikuwa mzee wa shirika la masista waliokaa karibu nasi, na alikuwa anakwenda Ulaya kupasuliwa macho. "Unaweza kumpa diski mupya. Baada ya yeye sijui nani atapita tena. Weka numero tu, binti yangu. Mama wa kwanza, mama wa pili, mama wa tatu. Utaandika kwa karatasi numero hii ni ya nani. Kazi imeisha."

"Padri, kwenye ubatizo muliwapa numero?"

Akavua miwani akaifuta. "Ubatizo haufanyiki kwa ordinatere," akasema, akimaanisha kompyuta, lakini alikuwa anacheka kidogo, na akanirudishia diski yangu.

Mwalimu naye alikuwa upande wa numero. Hakupenda, lakini alikuwa anaangalia alhamisi. Alisema afadhali sauti zifike na namba kuliko zibaki Nguba na majina. Na karatasi ya kueleza namba? Hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kukamatwa pale mpakani, na kila jina juu yake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia, ahadi ulimpa wewe, lakini mimi nitakwenda kumwuliza, maana mtoto ni wake.

Asubuhi nikapanda Nyawera. Mvua ilikuwa imenyesha na njia yote ilikuwa matope, wabebaji wanapiga kelele "Pisha! Pisha!" na kina mama wamekunja vitenge mpaka magotini. Yeye alikuwa mahali pake, nyuma ya gunia, anapimia watu mchele kwa kopo.

"Sekretere," akasema bila kuinua kichwa, "unakuya kununua muchele ao unakuya kunitazama?"

"Nimekuja ju ya ile diski, mama."

"Ilifika?"

"Ilifika. Sauti yako ilifika. Jina njo haikufika."

Hapo akainua kichwa. Nikamweleza yote: mashini za aina mbili, majina yaliyokatwa, kamati kuchanganya sauti. Nikamwambia na lile la mwanamke asiyejulikana, maana nilifikiri ana haki ya kukasirika. Alikasirika. Nikamwambia na shauri la numero.

"Kwa baryeri banatuhesabia," akasema. "Kwa kambi ya bakimbizi banatuhesabia. Simama hapa, weye wa ngapi, weye wa ngapi. Sasa na nyie?"

"Si sisi, mama. Ni mashini."

"Mashini ya nani?"

Mteja alikuwa amesimama pale na kikapu, mama mmoja mnene, naye akaingilia, "Mama, na muchele yangu?" Akaambiwa angoje.

"Hiyo mashini yabo iko na nafasi ya namna gani?" akaniuliza. "Mi sikusoma herufi. Nionyeshe na kitu."

Nikatazama huku na huku, nikachukua kopo lake dogo kabisa, lile la kupimia watu wasio na uwezo. "Sema nafasi iko sawa hii kopo," nikamwambia. "Tukianza kutia Mama wa, kopo inajaa." Nikatia mchele mpaka juu nikapangusa kwa kiganja. "Jina ya mutoto inabaki inje. Haiingie."

Akalitazama lile kopo. Akalichukua mkononi mwangu, akarudisha mchele wote kwenye gunia, akaliweka tupu mbele yangu.

"Basi munitoe mimi," akasema.

"Mama..."

"Munitoe mimi, mutie mutoto. Mi niko na sauti. Batanisikia nikisema, batajua niko mama yake. Yeye sauti hana tena, iko na jina tu." Akageukia mteja. "Lete kikapu."

Akampimia, akamwongezea matabishi, nyongeza ya bure, ya mkono mzima kwa kuwa alimngojesha. Yule mama mnene hakusema asante. Alikuwa analia. Mimi nilishuka Nyawera nikiwa natembea haraka kuliko watu wa kazi, na nikapita wanajeshi wawili pale kona bila kuwaona mpaka mmoja akanipigia mluzi, na sikugeuka.

Mwalimu aliposikia alikaa chini. Halafu akasimama akaanza kuwatafuta wale wengine, kwa miguu, kwa ujumbe, kwa mama wa kanisa mmoja kwenda mwingine. Tukawauliza kila mmoja: uko tayari tukutoe, tuandike mtoto? Hakuna aliyekataa. Mmoja alicheka akasema mume wake amemtoa siku nyingi. Wale ambao watoto wao walikuwa hai tuliogopa kuwataja, kwa hiyo tulichukua jina la nyumbani, lile ambalo linajulikana jikoni tu, Katoto, Kadogo, hivyo hivyo. Wale ambao watoto wao hawakuwa hai walisema jina kamili, na walilisema kwa sauti kubwa, na Mwalimu hakuwaambia wapunguze.

Nikaanza kazi upya. Nikafupisha majina, herufi kubwa, bila aksenti, bila nafasi. Lililozidi nane nilikaa na mama yake tukapatana likatwe wapi, kama unavyopatana na fundi wa nguo. Sauti nazo nikaziandika kwa aina ambayo Padri alisema kila mashini inaielewa. Na safari hii niliifunga diski. Ile ya kwanza tulikuwa tumeiacha wazi ili tuongeze sauti baadaye, kwa kubana matumizi, na kumbe mashini nyingine zikikuta diski haijafungwa zinakataa kuisoma sawasawa. Tuliipangia mwendo wa polepole kuliko wote. Tukakaa. Mwalimu aliziba mdomo wake kwa kitenge. Taa ilififia mara moja, nikasikia moyo wangu unaniambia mahindi yatapata bijou nyingine, halafu ikarudi. Mashini ikasukuma diski nje, ya moto.

Ilifunguka kwetu. Nikapanda nayo kwa Padri, ikafunguka kwake, watoto wote wamejipanga, na akasoma kwa kidole mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba. Kisha nikaipeleka kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa na mashini ya aina ya tatu, yenye mfumo aliojitilia mwenyewe na ambao alijivunia kuliko mke. Ikafunguka na pale. Mwalimu wetu wa Nguba nilipomwambia alicheza pale barazani mpaka kiatu kikamtoka.

Alhamisi nilimbebea Maseri mkoba hadi mpakani, pale daraja la mto Ruzizi. Alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo ilikuwa haki awe na mtu wa kumshika mkono. Diski ilikuwa ndani ya kitabu cha misa. Walikuwa hawapekui watawa. Siku hiyo walipekua.

Kijana wa usalama, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, alifungua kitabu na diski ikaanguka mezani. Akaigeuza geuza. Nyuma yake, ndani ya ofisi, palikuwa na kompyuta. Tangu nianze kazi ile nilikuwa naomba diski zangu zifunguke katika kila mashini ya dunia. Pale nikaomba hii isifunguke.

Ikafunguka. Mara moja, bila taabu hata kidogo. Nilikuwa nimeifanya vizuri mno.

"Ni nini hii?" akauliza.

"Ni batoto," Maseri akasema.

"Batoto ba paroisse? Ba parokia?"

"Ni batoto betu, mwanangu. Unaweza kubasoma."

Na akawasoma. Sijui kwa nini alisoma kwa sauti, labda ndivyo alivyojifunza kusoma shuleni. Alisoma jina moja moja akishusha kidole kwenye kioo, mtu wa jeshi lile lile lililotajwa kwenye kaseti, ndani ya ofisi yake, na yule wa Sange alikuwa katikati, akamsoma na yeye. Alilitamka vizuri.

Akabonyeza jina moja. Kimya. Akabonyeza tena.

"Haiongee?"

"Mashini yako haina mdomo," nikamwambia. Ni kweli, haikuwa na spika, nilikuwa nimeangalia tangu tulipoingia. Lakini nililisema kwa namna ya dharau, na hadi leo sijui nilitoa wapi kiburi hicho. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nimechoka kuwaogopa, vyote viwili kwa pamoja. Alinitazama. Akatoa diski, akairudisha yeye mwenyewe katikati ya kitabu, akasema, "Maseri, utuombee."

"Ninawaombea wote," Maseri akasema. Akavuka daraja akiwa ameshikwa na dereva wa upande wa pili, na hakugeuka.

Alirudi miezi kadhaa baadaye, ana macho mapya na kaseti. Kamati walikuwa wamerekodi ukumbini. Tulimwita mama wa Sange, naye akaja na harufu ya gunia, akakaa kwenye kile kile kiti cha plastiki, akaweka mikono juu ya magoti. Wengine walisimama mlangoni. Mwalimu akawasha kiredio.

Kwanza viti vinasogezwa, watu wanakohoa. Kisha sauti ya mwanamke Mzungu, polepole, inasema jina la kijana. Lile jina peke yake. Baadaye ndipo sauti ya mama yake ikaanza, kwa Kiswahili chake cha bonde, na watu wakaacha kukohoa.

Lakini yeye hakuwa anasikiliza hiyo sehemu. Alikuwa ameinua mkono.

"Rudisha."

Mwalimu akarudisha. Mzungu akalisema tena.

"Si vile," mama wa Sange akasema. "Anavuta mwisho. Haivutiwe." Akainamia kiredio, akalisema jina la mwanawe kwenye kile kitundu cha spika, wazi kabisa, kama unavyomwita mtoto aliye nje arudi kula. "Rudisha. Tena."

Mwalimu akarudisha, Mzungu akakosea, naye akamsahihisha. Mara ya tatu Mwalimu akalisema pamoja naye. Kisha na mimi, kisha wale wa mlangoni, na tulipokuwa tunalisema hivyo wote alifunga macho.

Utaona hapa sikuandika jina hata moja. Usinifikirie ni woga. Waliofanya wapo, wengine wana magari na walinzi, na wanawake wale wangali wanauza mchele katika mji huo huo. Mimi sina ruhusa ya kuyachukua majina ya watoto wao nikayatie kitabuni nipate sifa. Yamekaa kwenye diski, ninayo nakala, na inafunguka bado. Nimeijaribu wiki hii. Jina la yule wa Sange lina herufi sita. Liliingia lote, na nafasi ilibaki.